Mhariri, kabla ya kubishana mlango wa kupitia, ulizeni kama pingili zinahitaji kuungwa

Ndugu Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, ikiwa ndefu sana kateni popote mnapotaka ila mwisho wake muuache kama ulivyo, mtaona kwanini.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, niko Gerezani hapa Dar mwaka wa 31 huu, mageti, madirisha, ngazi, matoroli, chochote cha chuma leta. Kilichonifanya nishike simu nianze kuandika ni ile makala yenu ya afya kuhusu upasuaji wa kuunga pingili za mgongo. Jirani yangu wa kibanda, fundi seremala, kaikata kwa mkasi, kaikunja mara nne kaiweka kwenye pochi pamoja na kitambulisho chake cha NIDA, na sasa hivi anatafuta mteja wa kiwanja chake cha Chanika ili akafanyiwe hiyo ya kupitia ubavuni, maana mmeandika ni ya kisasa, kidonda chake kidogo, haina madhara na inafaa kwa pingili yoyote ya kiuno. Mgongo umenitesa na mimi miaka sita, kwahiyo siongei kama mtu aliyesikia redioni.

Yangu ilianza taratibu. Mwanzo kiuno tu, nikasema ni kazi, nani anainama juu ya geti siku nzima asiumwe kiuno. Afu ikashuka miguuni. Kutoka kibandani mpaka kituo cha mwendokasi sio mbali lakini nikawa nasimama mara tatu njiani, miguu imekufa ganzi, mizito kama imejazwa zege, nikikaa au nikiinama kidogo inaachia. Kitu cha ajabu ni kwamba nikisukuma toroli au nikipanda baiskeli sisikii kitu, nikisimama wima tu shughuli inaanza. Mke wangu akawa anasema umerogwa na mtu wa baiskeli. Kumbe ndio dalili yenyewe, ukiinama mbele mfereji wa uti wa mgongo unatanuka kidogo neva zinapata nafasi, ukisimama wima unabana tena. Nikapigwa MRI, jibu likaja kwamba pingili ya L4, yani ya nne ya kiuno, imeteleza kidogo mbele juu ya L5, ya tano na ya mwisho, diski, lile tandiko la katikati yake, imekwisha, na mfereji hapo umebana.

Nikazunguka kwa madaktari watatu na nikapata majibu matatu. Wa kwanza, hospitali moja ya binafsi ambayo siitaji, hakuniuliza hata natembea umbali gani, aliangalia picha akasema tunaunga L4 na L5, tunapita ubavuni, tunaweka keji, kile kisanduku kidogo cha kukaa katikati ya pingili, bei yake ilikua bei ya Vitz ya mtumba na bado hujalipia kitanda. Wa pili akasema kuunga ndio ila tunapita nyuma, skrubu nne na vyuma viwili. Wa tatu, mzee mmoja mpole, alinitembeza kwenye korido huku anaangalia saa, akanikunja, akanipiga picha nyingine ya eksirei nikiwa nimeinama na nikiwa nimejipinda nyuma, akasema hii imeteleza lakini haichezi, mimi ningekupunguzia tu mfupa unaobana, sikuungi.

Sasa mtu kama mimi ambaye maisha yake yote ni kuunga vitu, nilikaa na hilo jambo wiki nzima. Maana kazi hii naijua. Watu wanadhani skrubu na vyuma ndio vinaunga mgongo, hapana, hivyo ni jiliwa tu, ni klempu ya kushika vitu visicheze. Kinachounga ni mfupa, daktari anaweka vipande vya mfupa, vingine vimechukuliwa kwenye nyonga yako mwenyewe, afu inasubiriwa miezi mingi mpaka mfupa uote utoke huku ufike kule. Usipoota, skrubu zinabeba mzigo ambao hazikutengenezwa kuubeba milele, siku moja zinalegea au zinakatika, kama geti uliloliacha na klempu bila kuchomelea. Ndio maana wavuta sigara wanaambiwa waache kwanza, sigara inauchelewesha huo mfupa. Na kuna jambo la pili ambalo fundi yeyote wa chuma analijua, ukikaza sehemu moja isipinde kabisa, mpindo unahamia jirani. Pingili ya juu au ya chini ya ile iliyoungwa inaanza kufanya kazi ya mbili, baada ya miaka kadhaa kuna watu wanarudi tena chumba cha upasuaji kwa sababu hiyo. Kwenye makala yenu hili sikuliona hata mstari mmoja.

Binti yangu wa pili kasomea fiziotherapia, jioni akawa ananisomea tafiti kwenye simu ananieleza kwa kiswahili huku mimi nimelala chali miguu juu ya kiti. Hapo ndio nilianza kuelewa kwamba ugomvi wa njia ipi bora ni wa zamani na haujapata bingwa. Kuunga pingili kulianza New York mwaka 1911, madaktari wawili, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa namna yake, na wagonjwa wao wengi walikua wa TB ya mgongo, sio wazee wa viuno vibovu kama sisi. Miaka ya 1940 Ralph Cloward kule Honolulu akawa anapita nyuma, anasogeza neva pembeni, anatoa diski yote na kuweka mfupa katikati ya pingili. Mjerumani Jürgen Harms miaka ya 1980 akaja na ya kupita nyuma lakini kwa kijitundu cha upande mmoja, ili neva isivutwe sana. Ya kupita tumboni ipo tangu miaka ya 1930. Na hii ya ubavuni mnayoisifia ndio mtoto mdogo, Luiz Pimenta wa Brazil na wenzake waliiandika kwenye jarida mwaka 2006.

Kila njia ina ushuru wake, na huo ushuru ndio nilitaka gazeti liandike. Ukipita nyuma unachubua misuli ya mgongo, ile mikubwa inayotushikilia wima, na ngozi inayofunika neva inaweza kupasuka maji yakavuja. Ukipita tumboni misuli ya mgongo inabaki salama na daktari anapata nafasi ya kuweka keji kubwa inayorudisha mpindo wa kiuno vizuri, lakini njiani kuna mishipa mikubwa ya damu, ndio maana mara nyingi anakuwepo daktari wa mishipa hapohapo, utumbo unaweza kugoma siku mbili tatu, na kwa wanaume kuna hatari ndogo ya mbegu kurudi ndani ya kibofu badala ya kutoka, kijana ambaye bado anatafuta watoto alitakiwa kuambiwa hilo kabla hajasaini karatasi na sio baada. Ukipita ubavuni unapenya kwenye msuli mkubwa wa kunyanyulia paja, na ndani ya msuli huo zinapita neva za mguu, wagonjwa wengine wanaamka paja limekufa ganzi au mguu umelegea, wengi inaisha baada ya wiki au miezi, wachache inabaki. Haina madhara, mmeandika. Labda mwandishi alimaanisha damu haimwagiki sana, hiyo ni kweli.

Na hata hizo za matundu madogo, binti kaniambia, faida yake ni ya mwanzo, damu kidogo, siku chache hospitali, maumivu ya wiki za kwanza yanapungua, ila ukiwapima watu baada ya mwaka mmoja miwili wanakuwa karibu sawa na waliopasuliwa kwa kidonda kirefu. Afu kwenye tundu dogo daktari haoni kwa macho, anaongozwa na eksirei, kwahiyo mionzi inakua mingi kwa wote mle ndani. Sisemi ni mbaya, kidonda kidogo nani hakitaki. Nasema bei yake isiuzwe kama bei ya kupona.

Utafiti ulionikaa zaidi kichwani ni wa Sweden, waliutoa 2001 na 2002, hospitali 19, wagonjwa 294 wa maumivu sugu ya kiuno. Waliwagawa, wengine wakafanyiwa matibabu ya kawaida bila kisu, wengine wakaungwa kwa namna tatu, ya kwanza mfupa tu bila chuma, ya pili na skrubu, ya tatu na skrubu pamoja na mfupa katikati ya pingili. Sasa sikiliza hapa. Ukiangalia mfupa kushika, fundi anafurahi, 72 kwa 100 ile ya kwanza, 87 ya pili, 91 ya tatu, yani kila ukiongeza chuma weld inashika zaidi. Ukiangalia matatizo ya mapema baada ya upasuaji, 6 kwa 100, afu 16, afu 31. Na ukimuuliza mgonjwa mwenyewe maumivu yamepungua kiasi gani, makundi yote matatu ya kuungwa hayapishani! Mimi nilimwambia binti rudia hapo. Akarudia. Denmark nao mwaka 2013 walichukua watu 100, nusu wakaungwa kwa skrubu za nyuma tu, nusu wakaongezewa keji kwa ile njia ya Mjerumani, baada ya miaka miwili wakawa sawa, tofauti tu hao wa keji walikaa kwenye meza ya upasuaji muda mrefu na kumwaga damu zaidi.

Kwa haki, hao Wasweden waligundua walioungwa kwa jumla waliendelea vizuri kuliko wale wa matibabu ya kawaida, hilo nisilifiche. Lakini matibabu ya kawaida yenyewe yalikua ndio yaleyale waliyokwisha kuyapata miaka yote. Waingereza walipokuja 2005 na watu 349, upande wa pili wakaweka mazoezi mazito ya kila siku wiki tatu pamoja na kuongea na watu kuhusu hofu ya maumivu, ile tofauti ikawa ndogo sana hata haitoshi kusema kisu kimeshinda. Na mwaka 2016 taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ikasema wazi kwamba mtu mwenye maumivu ya kiuno tu asipewe upasuaji wa kuunga isipokuwa yumo kwenye utafiti. Hao ni watu wenye vifaa vyote, hawajakosa skrubu.

Kwa sisi tuliobanwa mfereji mambo ni tofauti kidogo, kisu cha kufungua kinasaidia, swali ni ukishafungua uunge au usiunge. Mwaka 2016 jarida moja la Marekani, toleo moja, lilitoa tafiti mbili zinazokinzana. Wasweden, watu 247, walisema kuongeza kuunga hakujaleta faida hata kwa wale walioteleza pingili. Wamarekani, watu 66, wote wenye pingili iliyoteleza, walisema walioungwa waliendelea vizuri kidogo na walirudi mezani mara chache, 14 kwa 100 dhidi ya 34 kwa wale wasioungwa. Mtu unashika lipi? Afu 2021 Wanorwe wakatoa wa kwao, watu 267, pingili imeteleza kama yangu, baada ya miaka miwili waliopata nafuu ya maana walikua 71 kwa 100 kwa waliofunguliwa tu na 73 kwa walioungwa. Binti akasema baba hapo ndio yule mzee wa korido anaposimama.

Nikafunguliwa tu. Miaka miwili imepita mwezi uliopita. Natembea mpaka Kariakoo sokoni na kurudi bila kusimama, asubuhi kiuno bado kinakakamaa mpaka nipate chai, na mazoezi ya binti nayafanya kwa kugombezwa. Inawezekana pingili itakuja kuteleza zaidi siku moja na nitaungwa, sijaapa.

Na msinielewe kama napinga kuungwa. Shemeji yangu aliungwa India, pingili ya chini kabisa, L5 na S1, ule mfupa ulio chini yake, yake ilikua imekatika mfupa wa nyuma tangu ujana ikateleza sana, neva ya mguu imebanwa, kidole gumba hakinyanyuki. Walimpitia tumboni, siku nne za kwanza alilia na tumbo limejaa gesi, leo anauza vitenge Ilala anasimama toka asubuhi mpaka jioni, ukimwambia kuungwa ni wizi atakupiga na kitenge. Yeye alihitaji kuungwa na njia ilichaguliwa kwa mahali tatizo lilipo, ndio hivyo tu. Na watu wajue India sio lazima, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, upasuaji wa mgongo unafanyika, na madaktari wa Weill Cornell wa New York wamekua wakija miaka mingi kufundishana nao.

Jambo jingine mwandishi wenu alipita juu juu ni ile dawa ya kuchochea mfupa uote haraka, akaiita mapinduzi. Marekani waliiruhusu 2002 kwa keji ya kupitia tumboni. Majaribio ya mwanzo yaliyolipiwa na kampuni iliyokua inaiuza yalikua hayaoni madhara kabisa, kabisa, mpaka 2011 The Spine Journal likatoa toleo karibu zima kuonyesha kwamba madhara yapo, uvimbe, mifupa kuota pasipotakiwa, hilo la wanaume nililolitaja juu, ila hayakuandikwa. Mwenye duka akikuambia nondo zake hazishiki kutu unamuuliza nani kapima. Sijui makala yenu iliandikwa baada ya semina ya nani, sisemi kitu, ila pale chini mlitaja jina la keji kama mara tatu.

Niongeze tu kabla sijasahau, maana kuna watu watasoma hii barua wakasema basi nisubiri. Mkojo ukianza kukataa kutoka au kutoka wenyewe, ganzi ikikaa sehemu ya kukalia, au mguu ukilegea ghafla, hapo hakuna cha barua wala makala, unaenda hospitali usiku huohuo.

Ninachoomba mkirudia mada hii mtafuteni daktari anayepasua njia zaidi ya moja, sio anayejua moja tu, maana fundi mwenye mashine ya gesi peke yake kila kazi kwake ni ya gesi. Muulizeni wagonjwa wangapi anawarudisha nyumbani bila kisu. Muulizeni pingili ipi anapita wapi. Mkipata nafasi chapisheni hata bei za keji na skrubu, tujue kinachouzwa ni chuma au ni matibabu.

Sasa hili la mwisho ndio nililosema msikate. Mmeandika njia ya ubavuni inafaa pingili yoyote ya kiuno. Sio kweli. Pale chini kabisa, L5 na S1, mfupa wa nyonga umesimama ubavuni kama ukuta, kifaa hakipiti, na mishipa mikubwa nayo imekaa vibaya, kwahiyo hapo wanapita tumboni au nyuma. Mimi mwenyewe naijua kona ambayo kijiti cha kuchomelea hakifiki hata ulale chini ya geti. Jirani yangu seremala kanionyesha MRI yake juzi, tatizo lake ni L5 na S1, ndugu Mhariri, na Jumamosi kuna mtu anakwenda naye Chanika kukiona kiwanja. Nimemwambia, hasikii, anasema mimi ni fundi wa mageti na gazeti ni gazeti. Tafadhali sahihisheni kabla ya Ijumaa, wekeni ukurasa uleule wa afya, herufi kubwa, aweze kuikata.

Fundi wa Gerezani,
Dar es Salaam